Mayai Sita

Tulilipita lango la kampuni na bei yake ubaoni,
na vibanda vya mbao vinavyonuka rangi mpya.
"Yale ni maji ya mabomba," mama akasema,
akanyoosha fimbo kushoto, msituni,
mahali ambapo mimi sikuona njia.

Njia ilikuwepo. Ilikuwa miguuni mwake.
Nyonga mbovu, hatua tatu na pumzi moja,
chini ya mikoiwe yenye ndevu za kuvumwani,
mianzi ikituchapa mashavuni
kama jamaa wasiotusamehe kuchelewa.
Mvua ya Aprili haikunyesha, ilisimama tu hewani.
Nilibeba taulo mbili, chupa ya chai,
na mayai sita ndani ya sufuria, kwa amri yake.

Chukao akalia. Ndege mdogo, kifua cha kutu:
akilia kuliani kwako, safari njema;
kushotoni, geuka urudi.
"Kalia wapi?" mama aliuliza.
Sikio lake la kulia limekufa tangu Pasaka.
"Kulia," nikasema.
Alilia kushoto.

Kwanza ilitufikia harufu, njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi.
Kisha mvuke, ukitoka ardhini bila haraka.
Kisha shimo lenyewe, si kubwa kuliko kitanda cha mtu na mkewe,
kati ya jiwe jeusi na gogo la alerse
lililoanguka kabla bibi yangu hajazaliwa.

Nikamvua. Koti, sweta, sweta ya pili,
fulana ya marehemu baba.
Miaka hamsini na miwili nimekuwa mwanawe
na sikuwahi kuuona mgongo wake mtupu,
mwembamba, wenye madoadoa
kama ganda la yai la bata mzinga.
Akasita, kidole kimoja majini.
"Tumeshayavulia nguo, mama."
Akacheka. Akaingia.

Na alivyoingia! Eduviges Millapán,
ambaye hata kitini hukaa kwa awamu,
aliuachia uzito wote kwa mpigo
kama mtu anayetua gunia lisilo lake.
Maji hayakumuuliza umri.

Mayai tuliyatia penye jicho, panapotokota.
"Dakika ishirini. Usitazame saa," alisema,
akaanza kuzihesabu kwa maneno:
"Ile pete."
Nikanyamaza.
"Pete yangu ya ndoa. Uliyopigiwa."

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alivua mkanda.
Niliitafuta majivuni, bandani kwa kuku, ndani ya pipa la unga;
niliapa kwa Bikira, niliapa kwa mbwa wetu,
na yeye alikuwa jikoni, ametupa mgongo,
anakoroga kitu kilichokwisha kuiva.

"Niliitupa humu. Nilitaka kuondoka.
Nikafika hadi hapa. Nikaoga. Nikarudi."
Hivyo tu, kama anayetaja vituo vya basi.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo tangu darasa la tatu.
Mvuke ukapita kati yetu, ukamfuta uso, ukamrudisha.
Nikaopoa mayai kwa kijiko.
La kwanza lilikuwa bichi upande mmoja.
La pili nikalimenya, pamoja na ngozi yake ya ndani,
ile nyembamba ambayo watu husahau,
nikampa kiini, ute nikala mimi, kama zamani.
Hapana. Zamani yeye ndiye aliyekula ute.

Chini ya maji, ambako haoni,
vidole vya mguu wangu vikaanza kupekua tope.
Changarawe. Jani. Changarawe.
Kitu chembamba, cha mviringo.
Mzizi.

"Acha," akasema, amefumba macho.
"Hata hainienei tena."
Kisha, baada ya kitambo:
"Na yule ndege alilia kushoto.
Sikio langu zima ndilo hilo."

Yalibaki mayai manne.